Kunjo la Ishirini

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa, Gundi,

Pokea salamu zangu, na kwanza niambie kifua chako kinaendeleaje. Kile kikohozi cha vumbi la karatasi kimekuachia, au bado kinakuamsha alfajiri? Na wifi yangu, miguu imeacha kuvimba? Mwambie dawa ni kuinua miguu juu ya stuli, si kuinua sauti juu yako. Sisi huku ni wazima kwa rehema za Mungu. Mwanangu mkubwa kapata kazi ya kuendesha lori la maji na anakusalimu sana. Shemeji yako yupo na makufuli yake. Wiki nzima anatengeneza makufuli ya watu, na la mlango wetu wenyewe limelegea, ukisukuma tu mlango unafunguka. Nikimkumbusha ananiambia kesho. Mganga hajigangi. Hata paka hajambo.

Sasa nikuambie kilichonikalisha kuandika. Unajua desturi ya chumba changu cha kushonea. Jumamosi alasiri mashine zinanyamaza, tunabaki na kazi za mkono, vifungo na pindo za sare za wauguzi, na mmoja wetu anasoma kwa sauti ili wengine tusile nyama za watu. Miaka yote tumesoma vitabu vya dini na vya afya. Mwaka jana kikaingia hiki kinachosomwa na kila mtu, Mchumba wa Ukungu. Nilikikubali kwa sababu nilidhani ni habari za hali ya hewa.

Kumbe ni mapenzi. Binti wa mtengeneza mishumaa anaposwa na mfalme wa ukungu, mwanamume ambaye jua likitoka hayupo. Nikuambie kweli, siku za mwanzo hata mimi nilishona kifungo kimoja mara mbili kwa kusikiliza. Lakini sasa kitabu kimetugawa kama kitambaa. Mkunga mstaafu anasema ni upuuzi mtupu. "Nimepokea watoto mia tisa kwa mikono hii," anasema, "sijaona wa ukungu hata mmoja." Mama Pacha, anayetupigia pasi, anamjibu: "Afadhali ukungu, haukoromi." Wengine wanasema binti alifanya vizuri kuvuka lile daraja na kumfuata ampendaye, wengine wanasema hakuna mapenzi yanayostahili kumwacha mama mlangoni. Jumamosi moja watu waliondoka bila kuagana.

Halafu Bi Miwani, yule mwalimu mstaafu anayenisaidia matundu ya vifungo, akainua kichwa na kuuliza: "Lakini si alirudi?" Chumba kizima kikacheka. Akasema alirudi kwa mama yake, amesoma kwa macho yake. Mama Pacha akamwuliza: "Yapi, haya manne?" Nakala yake kamwazimisha mkwe wake wa mbali, hana cha kuonyesha. Kitabu changu kinaishia darajani. Binti anaingia, basi.

Nyuma ya jalada nimeona jina la kiwanda chenu cha vitabu. Wewe umekishika kitabu hiki kabla yetu sote. Niambie, yule binti alirudi au hakurudi? Nauliza si kwa ajili ya ubishi wa akina mama. Kitabu hiki kiliingia nyumbani mwangu, na kilipotulia nilikuta kuna kitu changu kimetoka. Usiniulize zaidi. Jumamosi iliyopita nilikishika juu ya moto wa kupashia pasi, nikakirudisha rafuni. Msomaji wetu wa zamani hayupo tena, anasoma Mama Pacha, naye husoma kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Nakuombea asubuhi na jioni.

Dada yako


29 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia nikiwa mzima, kifua kimepungua, labda kwa sababu nimehamia upande wa majalada ambako vumbi ni kidogo. Wifi yako ameinua miguu kama ulivyoagiza na sauti pia hajaishusha. Anakusalimu.

Nimecheka habari za Mkunga. Na huku ni hivyo hivyo. Kwa kinyozi wangu watu wawili wazima walitaka kushikana mashati kwa ajili ya binti ambaye hakuzaliwa. Msimamizi wetu anafurahi, anasema watu wakigombana kitabu kinatembea.

Kuhusu swali lako, dada, kitabu ni kama kisima, kila mtu anachota kwa chombo chake. Huenda Bi Miwani kaona karudi kwa sababu moyo wake unataka arudi. Waandishi wa siku hizi nao hupenda kutuachia mambo hewani. Mimi ni mbandikaji wa majalada tu, si msomaji. Usijisumbue nacho.

Jambo moja. Umenipa habari za shemeji, za mwanao, za kufuli, hata za paka. Binti yako Kifungo hukumtaja. Mimi ni mjomba wake, nilimbeba kabla hajajua kukaa. Yuko wapi?

Mdogo wako, Gundi


11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kifua kimepungua. Sisi tuko salama, isipokuwa sindano ya mashine kubwa ilinichoma kidole cha shahada, nashona nikiwa nimekifunga kitambaa, nyumba nzima inaniita Mama Bandeji.

Umeniuliza, nami nimekaa na karatasi hii siku nne.

Kifungo ameondoka. Ni tangu Januari. Ndiye aliyekuwa msomaji wetu, unaijua sauti yake, hata Mkunga alikuwa anavua kofia ya ukali akimsikia. Mwaka jana kilikuja kikundi cha maigizo kinachozunguka miji, wakaniletea pazia la jukwaa nilishone pindo. Aliyelileta ni kijana wa taa. Alikuta Kifungo anasoma, akasimama dirishani na lile pazia begani mpaka sura ikaisha. Kesho yake akaja kuulizia pazia ambalo alijua halijaisha. Na keshokutwa. Nikamwuliza kazi yake hasa ni nini. Akaniambia bila haya: "Mama, taa, na mimi ndiye mwenye mashine ya moshi." Hebu fikiria. Nchi nzima inasoma habari za mchumba wa ukungu, na wangu mimi analetwa na mashine.

Walimwambia ana sauti ya jukwaani. Akataka kwenda nao. Nilimwambia tusubiri, tuombe, watu wake waje tuwajue. Akasema kikundi kinaondoka Jumatatu. Gundi, unanijua, mimi ni mtu wa sala, lakini ulimi wangu haujawahi kutubu. Alipokuwa mlangoni na begi nilimwambia: "Ukivuka kizingiti hiki, mlango huu usiugonge tena." Akanitazama. Baba yake alikuwa nyuma yangu na bisibisi mkononi. Kifungo akavuka.

Kitabu alikiacha juu ya mashine yake, uzi mwekundu ukiwa kwenye ukurasa wa mwisho. Nilikifungua. Kinasema: "Akaweka mguu wa kulia ndani ya ukungu, wa kushoto ukafuata. Hakugeuka." Hapo ndipo kinapoishia. Nimeyasoma maneno hayo kuliko sala zangu, Mungu anisamehe. Nimekuwa nikisema ni kitabu kilichomfundisha. Mwaka mzima alituambia sisi na vifungo vyetu habari za kwenda, na hakuna mahali alipotusomea habari za kurudi. Sasa Bi Miwani anasema kurudi kupo. Kama kupo, nataka mwanangu asome huko kurudi. Ndiyo maana niliuliza.

Na wewe, tangu utoto hujawahi kunijibu kwa mafumbo isipokuwa mara moja. Siku ile ulipovunja birika la mama, ulikuja ukaniambia kila chombo kina siku zake. Leo unanieleza habari za visima. Sikulaumu bado. Nakuuliza tu, kuna nini?

Nijibu.

Dada yako


20 Juni

Mdogo wangu,

Natumai uzima upo, maana miezi miwili hukuandika na nimemwuliza wifi kwa salamu za watu, akasema unakwenda kazini na kurudi, na chakula huli vizuri. Sisi hatujambo. Kidole kimepona. Kufuli bado ni lile lile, nimechoka kusema.

Sitaandika kirefu. Nakala ya Bi Miwani imerudi. Aliingia nayo Jumamosi ameikumbatia kama mtoto aliyeshinda mtihani. Tuliviweka vitabu viwili sambamba juu ya meza ya kukatia. Jalada moja, picha moja, daraja lile lile. Mama Pacha akasema, haya, mwalimu, tuonyeshe ndoto yako. Mimi sikufungua. Nilichukua futi ya kitambaa nikapima unene, ndiyo kazi ninayoijua. Chake kinene kuliko changu. Kidogo sana, kama upindo wa leso. Ndipo tukatazama namba. Changu kina kurasa mia tatu na nne. Chake mia tatu na ishirini.

Bi Miwani akasimama akazisoma zile kumi na sita. Sikuweza kusikiliza mpaka mwisho. Alipofika pale binti anasogelea nyumba ya mama yake na kuona taa, nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Niliporudi walikuwa wanagombana upya. Mkunga, aliyekuwa akikilaani kitabu tangu mwanzo, alikuwa anafuta macho na kusema ni uongo, hakuna mama anayefungua upesi hivyo. Mama Pacha kakasirika kweli. Anasema alishamzoea binti kule ukunguni, kwa nini anamrudisha kwenye mishumaa. Kwa hiyo usidhani ubishi umekwisha. Umepata miguu tu.

Lakini mimi sina ubishi tena, nina hesabu. Kurasa kumi na sita haziponyoki zenyewe. Nani alizitoa?

Dada yako


2 Julai

Dada,

Shikamoo. Ni mzima wa mwili. Kaa chini kabla ya kuendelea, na kama shemeji yupo, msomee naye.

Ni mimi.

Nikueleze kazi ilivyo. Karatasi moja kubwa ikichapwa na kukunjwa hutoa kurasa kumi na sita. Sisi tunaiita kunjo. Kitabu kile kina makunjo ishirini. Mashine ya kuyapanga iliharibika wakati wa kitabu hicho, na magari yalikuwa yanasubiri, tukafanya kama wazee wetu walivyofanya. Unapanga marundo juu ya meza ndefu, unaizunguka, unachukua kunjo moja katika kila rundo, ukimaliza mzunguko una kitabu kizima mkononi. Meza yetu inatosha marundo kumi na tisa. La ishirini niliweka mimi, kwa mkono wangu, kwenye kizingiti cha dirisha, nikawaambia wenzangu, msisahau dirishani.

Siku ya tatu mvua ikaja kwa upande. Nikafunga dirisha, nikafunika lile rundo na turubai lisilowe. Halafu nikarudi kuzunguka meza. Mimi niliyewaambia wenzangu wasisahau nilizunguka alasiri nzima nikipita mbele ya turubai, na walionifuata wakazunguka kama mimi, kwa sababu kule kazini jina langu ni Hakosei. Ukimfuata Hakosei huhitaji kuhesabu.

Utaniuliza, hamkaguzi? Tunakagua. Kila kunjo lina alama nyeusi mgongoni, na alama ya kila moja iko chini kidogo ya iliyotangulia, kwa hiyo mgongo wa kitabu unakuwa kama ngazi. Likikosekana kunjo katikati unaona pengo mara moja. Likikosekana la mwisho, dada, hakuna pengo. Ngazi inaishia mapema tu. Nilizitazama zile ngazi moja moja na nikazipitisha. Na kwa bahati mbaya kunjo la kumi na tisa linaishia kwenye nukta. Lingeishia katikati ya neno, watu wangelalamika siku ya kwanza. Badala yake walidhani ndiyo sanaa.

Niliondoa turubai kesho yake, magari yamekwenda. Yalibaki makunjo mia nne na kumi na mawili. Ningeweza kwenda kwa msimamizi saa ile ile. Sikwenda. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na miaka ishirini na sita sijawahi kuitwa ofisini. Niliyabeba makunjo nyumbani kidogo kidogo ndani ya mfuko wa chakula. Yako chini ya kitanda. Wifi yako anadhani ni karatasi za kufungia.

Watu walipoanza kugombana nilicheka nao. Niliposoma barua yako ya Aprili, habari ya uzi mwekundu, sikucheka tena. Nilijua mpwa wangu alishika nakala gani. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilianza kuandika mara tano, kila mara nikajikuta nakuelezea habari za visima.

Ndani ya bahasha hii kuna kunjo moja. Ni lenu. Mtumie.

Nisamehe, dada. Wewe ukinisamehe najua huko juu nimeombewa.

Gundi


15 Julai

Gundi,

Marahaba. Nilimsomea shemeji yako kama ulivyosema. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maskini, fundi ni fundi," akarudi kwenye makufuli yake.

Nimekusamehe kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, kwa hiyo hilo liache. Lakini kunjo lako liko mezani pangu siku ya sita na mkono hauendi kulishona. Nitakuambia kwa nini. Nimelisoma, mara hii mpaka mwisho. Yule mama wa kwenye kitabu hamtupii binti neno hata moja. Anafungua, anapokea shali iliyolowa, anaitundika. Nami nimemlaumu mwandishi, nimelaumu moshi, leo nimepata na wa kulaumu kiwandani, ningeweza kukulaumu wewe mpaka nife. Ila hakuna kunjo lililomwambia Kifungo asigonge mlango. Niliyemwambia ni mimi, na hata kitabu kingekuwa na kurasa elfu angeyasikia maneno yale.

Kwa hiyo tufanye hivi, wewe na mimi. Kuna wengine mia nne na ushee waliobaki darajani kama nilivyobaki. Wewe nenda kwa msimamizi wako ukaseme. Siku utakayoniandikia kwamba umesema, siku hiyo nitashona na kutuma. Mimi siwezi kufungua mlango kwa karatasi iliyofichwa chini ya kitanda. Najua nakuomba kazi yako. Nimeliombea jambo hili na sikuona njia ya mkato.

Kula chakula.

Dada yako


30 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Tu wazima, na wifi yako amepata nafasi chini ya kitanda, ameweka sufuria.

Nimesema. Nilimaliza wiki mbili nikizunguka mlango wa ofisi kama nilivyozunguka ile meza, halafu nikaingia na lile rundo kwenye toroli ili nisiweze kubadilisha habari. Msimamizi alitazama, akahesabu, akaniuliza, "Hakosei, hii ni nini?" Nikamwambia ni mwisho wa kitabu. Akanisimamisha kazi wiki moja. Nilikaa nyumbani nikitengeneza viti ambavyo havikuwa vibovu. Wifi yako hakuniuliza lolote kwa siku mbili, na hilo ndilo lililonitisha kuliko msimamizi.

Wameniita tena. Kwenye majalada sirudi. Wametangaza kwamba mwenye nakala fupi aandike atumiwe kunjo, na kazi ya kujibu barua hizo nimepewa mimi mpaka nitakapostaafu. Wenzangu sasa wananiita Alikosea. Nimeanza kulizoea, ni jina jepesi kubeba.

Dada, ungeziona barua zenyewe. Nilidhani watafurahi. Mmoja kaandika: "Nimemlilia binti wa watu miezi minane bure, nani atanirudishia machozi?" Mwingine: "Kaeni na kurasa zenu, kwangu mimi aliingia ukunguni na huko ndiko atakakokaa." Bibi mmoja kaomba makunjo mawili, moja lake na moja la kumnyamazisha jirani. Na mwanamume mmoja kanirudishia lake limekatwa vipande, pamoja na barua ya heshima sana.

Mwandishi mwenyewe alikuja. Mama wa makamo, mpole, na kikapu chake. Nilijiandaa kutukanwa. Aliomba aone meza, akaizunguka polepole peke yake, akasimama dirishani. Akaniambia, "Hata mimi nilipomfikisha darajani nilikwama. Nilikaa miezi mitatu sijui kama kuna mtu atakayemfungulia." Akanipa mkono akaondoka.

Sasa ni zamu yako.

Mdogo wako, Alikosea


17 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa, ambaye kwangu utabaki Gundi,

Salamu kwako na kwa wifi mwenye sufuria. Hatujambo sana, na leo nina mengi, vumilia mwandiko, naandika kwa haraka.

Siku niliyopata barua yako nilishona. Nilitumia uzi wa matundu ya vifungo, ule usiokatika, nikapitisha sindano katikati ya mkunjo kama ulivyotufundisha kushona daftari za shule. Bi Miwani akakagua, akasema mshono unaonekana kidogo. Nikamwambia acha uonekane. Jalada la nyuma, kwa ndani, niliandika mstari mmoja kwamba mlango ule niliukosea mimi. Sikuandika zaidi, kila nilichoongeza kiligeuka kuwa mawaidha. Nikautuma mzigo kwa anwani iliyokuwa kwenye tangazo la kikundi.

Wiki tano, kimya. Nilikuwa nikisikia baiskeli ya mleta barua naharibu pindo. Nilisali hadi nikaona aibu kurudia ombi lile lile. Mama Pacha akaanza kusema huenda binti kalipenda toleo fupi. Mkunga akamtupia ganda la limau.

Jana alasiri, tukiwa kwenye vifungo, kivuli kikasimama mlangoni. Ni yule kijana wa moshi, peke yake, ana kifurushi kwapani. Amekonda. Alisimama nje kabisa ya kizingiti, vidole vya viatu vimepanga mstari kama mtoto wa shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama jua lote hilo?"

"Niliambiwa habari za kizingiti hiki."

Chumba kizima kikainamia vifungo. Nikamwambia, "Ingia, hapa si darajani."

Akaingia. Kwenye kifurushi kulikuwa na gauni la buluu, la malkia wa igizo lao, bega la kulia limeachia. Na kikaratasi, mwandiko wa Kifungo ule ule wa kulala: "Mama, bega limefumuka. Fundi wa huku anashona kama anafunga gunia. Unaweza kulitazama?" Basi. Hakuna salamu, hakuna kitabu, hakuna chozi. Gundi, nilikisoma nikakaa chini. Mtoto wangu anajua kushona bega tangu ana miaka kumi na miwili.

Nilimwuliza kijana, Kifungo yuko wapi. Wako mji wa pili, kituo kimoja tu kutoka hapa, wana maonyesho ya wiki mbili. Nikamwuliza lile nililoogopa kuuliza. Akaniambia Kifungo analala chumba kimoja na mama mpishi wa kikundi, na ndoa hawajafunga. "Amesema bila wewe ni shughuli ya nusu, mama. Mimi nimesema nitasubiri." Mkunga akatoa miwani akamkagua tangu utosi hadi soli, kama anavyokagua mtoto mchanga, akatamka: "Huyu ni wa nyama na mifupa." Nadhani ndiyo baraka tutakayopata kwake.

Kijana akadhani nitalishona gauni pale pale aondoke nalo. Nikamwambia unajua sheria ya chumba hiki? Nguo haitoki bila kupimwa na mwenye kuivaa. Akaniuliza, "Kwa hiyo nimwambie nini?" Nikamwambia, "Mwambie hivyo hivyo, anaijua." Alitabasamu akaenda karibu akimbie.

Jioni nilimkuta shemeji yako amepiga magoti mlangoni, anatengeneza kufuli. Tangu Januari namwambia. Nikamwuliza, leo kumekuwaje? Bila kugeuka akasema, "Ulimwambia asigonge. Hukumwambia asiingie. Nilimwachia wazi." Akajaribu ufunguo, ukazunguka laini. "Sasa ataruhusiwa kugonga, au vipi?" Nikaenda jikoni, nikakaa huko kitambo.

Atakuja Jumamosi. Bega nimeliacha na pini, sijalimaliza kwa makusudi, ili kuwe na kazi ya mkono kati yetu. Akina mama wote wamesema hawatakuja siku hiyo kwa heshima, na wote najua watakuja. Wameshaanza kubishana. Bi Miwani anasema nimwombe radhi kabla hajakaa. Mama Pacha anasema nisiseme kitu, nimpime tu bega, mikono itasema. Yule mama wa kwenye kitabu alikuwa na shali ya kupokea. Mimi nina futi shingoni.

Wewe umeingia ofisini na toroli lako, umevuka kabla yangu, ndiyo maana nakuuliza wewe. Nianze na kupima, au nianze na samahani? Nijibu upesi, barua inifikie kabla ya Jumamosi.

Dada yako akupendaye